Namna ya kufuatilia mabadiliko ya fikra kuhusu Mungu kupitia jina lake

Anayetaka kujua wazee wake walimfikiriaje Mungu, na fikra hiyo ilibadilika vipi, aanze na jina lenyewe, kwa kuwa jina hubaki midomoni hata baada ya maana yake ya kwanza kusahauliwa.

Uliza kwanza kama jina hilo lina maana nyingine ya kila siku. Kwa Wachagga, Ruwa ni Mungu na ni jua pia. Kwa Wamaasai, Enkai ni Mungu, na neno hilohilo hutaja mbingu na mvua. Ndiyo maana Enkai Narok, aliye mweusi kama wingu lililobeba maji, ndiye mwema, na Enkai Nanyokie, aliye mwekundu, ndiye wa ghadhabu.

Kisha chunguza sarufi, maana humo ndimo mambo ya kale hujificha. Kiambishi cha mwanzo cha Enkai ni cha kike, na umbo hilo limebaki hata katika Biblia ya Kimaasai, ambamo Mungu huyohuyo huitwa Baba. Katika Kiswahili tunasema "Mungu anajua", kwa upatanisho wa viumbe hai, lakini wingi wake ni miungu, si waungu, kama vile moto na mioto au mwezi na miezi. Yawezekana neno hili, ambalo ni ndugu wa Mulungu wa Wagiriama na Wayao, halikuwekwa tangu mwanzo katika kundi moja na watu. Nasema yawezekana, kwa sababu mtume naye huwa mitume ilhali ni mtu. Usijenge imani nzima ya mababu juu ya kiambishi kimoja.

Baada ya hapo, tenganisha tabaka zilizoongezwa baadaye. Uislamu uliyaleta pwani majina kama Rabi, Jalali na Karimu, ambayo washairi waliyaweka kando ya Mungu bila kuliondoa neno la wenyeji. Huko bara, wafasiri wa Biblia ya Kikikuyu walilichukua Ngai, jina ambalo Wakikuyu walilipata kwa Wamaasai, na ambalo wazee walilitaja chini ya mugumo, mti wao mtakatifu, nyuso zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Jina likabaki, lakini makao ya mwenye jina yakahama kutoka mlimani.

Sehemu ngumu zaidi ni kuzungumza na wazee, na hapa ndipo wengi hukosea. Ukimwuliza bibi, "Zamani mliamini nini?", atakujibu kwa maneno ya msikitini au kanisani, kwa heshima na kwa tahadhari. Mwombe badala yake akutajie maneno yaliyosemwa mvua ilipokawia, nani aliyasema, na alisimama akitazama wapi. Yaandike kama alivyoyatamka, kwa lugha yake, kabla ya kuyafasiri. Halafu yalinganishe na sala anayoomba leo, ukiangalia kinachoombwa: mvua, mifugo na uzazi wa ukoo mzima, au msamaha wa dhambi za mtu mmoja.