Jiwe hili ni la aina gani? Mwongozo kwa anayeanza kukusanya madini Dodoma

Mpwa wangu ameanza kukusanya mawe, na kila jioni ananiletea jekundu akiuliza, "Mjomba, hii siyo rubi?" Huwa namwambia aiweke rangi pembeni kwanza. Rangi huwapoteza wengi wanaoanza: kwatzi, madini ya kawaida sana kwenye mawe yetu, peke yake hupatikana nyeupe, ya waridi, ya zambarau, ya moshi, hata ya kijani. Ugumu na uzito wake ni vilevile katika rangi zote hizo. Ninayomfundisha yeye ndiyo haya.

Hatua ya 1: Anzia kwenye kokoto

Dodoma inajengwa kila kona, na kokoto nyingi ni graniti ya hapahapa, kutoka kwenye mwamba wa kale wa katikati ya Tanzania wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Muombe mama anayeponda kokoto akupe viganja viwili. Humo utakuta kwatzi, yenye mng'ao wa kioo na isiyopasuka kwa mpangilio. Feldispa, nyeupe au ya waridi, yenye nyuso bapa zinazomeremeta ukiigeuzageuza juani. Na ulanga, unaobanduka tabaka kwa tabaka kwa ukucha. Yazoee haya matatu kabla hujaanza kutafuta krisopresi (kito cha kijani) ya Haneti au rubi za Winza, kule Mpwapwa, zilizovuma mwaka 2008.

Usiende kuchimba. Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka anayetafuta au kuchimba madini awe na leseni, na vito vina taratibu zake za kununua na kumiliki. Waulize Tume ya Madini kabla ya kugusa mali ya aina hiyo.

Hatua ya 2: Safisha

Maji, sabuni, mswaki wa zamani. Asidi ya betri usiiguse. Anika mpaka jiwe likauke kabisa.

Hatua ya 3: Ugumu

Tunatumia kipimo alichokitoa mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812, kuanzia talki yenye 1 hadi almasi yenye 10. Ukucha ni kama 2.5, kisu na kioo cha dirisha ni kama 5.5. Kwatzi (7) inakwaruza kioo bila shida, kalisaiti (3) haiwezi. Ukimaliza kukwaruza, lowesha kidole ufute. Alama ikifutika, ule ulikuwa unga tu wa kile kilicho laini zaidi. Mkwaruzo wa kweli unabaki.

Jiwe lenye sura ya kito usilikwaruze. Nenda hatua ya 5.

Hatua ya 4: Rangi ya unga

Lisugue jiwe mgongoni mwa tailizi, upande usio na mng'ao. Hematiti huacha mstari mwekundu wa kahawia hata kama jiwe lenyewe ni jeusi. Magnetiti huacha mweusi, na inashika sumaku.

Hatua ya 5: Uzito ndani ya maji

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Programu za simu zinazotambua jiwe kwa picha sizishauri hata kidogo, kwa sababu zinaangalia rangi na umbo, vitu vilevile vinavyokudanganya wewe.

Tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu 0.01, kama wanayotumia masonara. Pima jiwe kavu, andika. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, kisha irudishe kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi mwembamba, lizamishe lote huku umeshika uzi, na usome namba. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili: jibu ni mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo uleule. Jiwe la gramu 26.50 likisoma 10.00 majini, jibu ni 2.65: kwatzi. La gramu 20.00 likisoma 5.00, jibu ni 4.00, na hapo una sababu ya kufikiria rubi.

Sasa mitego yake. Jiwe likigusa chini ya kikombe, mizani inabeba uzito wa jiwe lenyewe na hesabu yote imeharibika. Likigusa ukingo pia namba haiaminiki. Vipovu vya hewa hulifanya jiwe lionekane jepesi, kwa hiyo tia tone moja la sabuni na ulitikise kidogo. Zima feni. Maji na kikombe vinahesabika kwenye uwezo wa mizani hata baada ya kuirudisha sifuri: mizani ya gramu 200 yenye maji ya gramu 180 imebakiwa na nafasi ndogo sana. Namba ikiwa inashuka polepole, jiwe lina vitundu na linanywa maji. Likiwa limeshikana na mwamba mwingine, unapima mchanganyiko.

Kubwa kuliko yote ni jiwe dogo. La gramu 1.00 likisoma 0.25 ni 4.00, likisoma 0.27 ni 3.70, na umeshahama kutoka rubi kwenda ganeti (kito kingine kinachoweza kuwa chekundu) kwa kosa la gramu 0.02. Chini ya gramu 3 rudia mara kadhaa, na bado usiape.

Hata jibu safi la 4.00 halimalizi kesi, maana baadhi ya ganeti nyekundu hufika hapo na kupita. Linalokataliwa kwa uhakika ni kwatzi iliyopakwa rangi, pamoja na kioo cha kawaida, ambacho huwa karibu na 2.5. Kioo utakikamata pia kwa lenzi ya mara 10 na tochi: tafuta vipovu vya mviringo ndani. Likivuka yote hayo, lipeleke maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), ipo Dodoma hapahapa.

Hatua ya 6: Andika lebo

Siku hiyohiyo, kwa penseli: mahali, tarehe, aliyekupa, na namba zako za mizani. Jina la madini liache wazi mpaka uwe na uhakika.