Namna ya kumtafsiri Pete Edochie bila kumkimbiza

Vijana wanaoshika mikro siku hizi kutafsiri filamu kwa Kiswahili kwenye vyumba vya video hapa Kadutu, Bukavu, wanamjua Pete Edochie, mwigizaji wa Nigeria, kama Igwe tu, yaani mfalme wa Waigbo: ndevu nyeupe, kofia nyekundu, upepeo mkononi. Ndiyo maana wanamharibu. Mdogo wangu, ukitaka kumtafsiri mzee huyu, anza na redio.

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1947. Mwaka 1967, akiwa na miaka 20, aliingia kazini redioni, mashariki ya Nigeria, mwaka uleule vita vya Biafra vilipolipuka. Akapanda ngazi hadi kuwa mkurugenzi wa vipindi. Sura yake ilikuja kuvuma mwaka 1987 tu, alipocheza Okonkwo katika tamthilia ya NTA, televisheni ya taifa ya Nigeria, iliyotoka katika kitabu cha Chinua Achebe ambacho Waswahili wanakisoma kwa jina la Shujaa Okonkwo. Piga hesabu: miaka 20 anasikika kabla hajavuma kwa sura. Kumbe unayemtafsiri ni mtu wa sauti aliyekopeshwa kwenye picha. (Cha kuchekesha, Okonkwo wa kitabuni ana kigugumizi, maneno yakimkwama anatumia ngumi.)

Kwa hiyo filamu itazame peke yako kwanza, mara mbili. Mara ya pili geuzia televisheni mgongo, usikilize tu. Utasikia kwamba mzee akikaribia mwisho wa neno lake anashusha sauti, halafu ananyamaza. Ule ukimya ni wako. Usiseme juu ya sauti yake. Subiri ashushe, kisha tia Kiswahili chako kifupi. Bafle, yaani spika ya filamu, ipunguze bila kuizima, maana watu wamelipa faranga zao kumsikia yeye, si wewe. Mikro iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni. Akicheka, mwache acheke.

Sasa maneno yenyewe. Igwe tunamwitaje? Wengine wanasema "mfalme". Mimi nasema "Mwami", kwa sababu mtu wa Kabare au Ngweshe, ambako mfalme huitwa hivyo, akisikia Mwami anakaa vizuri kwenye ubao bila kuambiwa. Lakini wazee wanapoingia uani na kuita "Igwe!", usitafsiri. Acha hivyohivyo. Watoto wa mbele wataitikia wenyewe, na hapo chumba kimeshakuwa chako.

Ikija kola, ile kokwa wanayogawiana na wageni, eleza mara moja tu: ni kama kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inayozungushwa siku ya posa, mgeni hasemi shida yake kabla haijapita. Ukieleza mara tatu watakutupia maganda ya karanga.

Methali ndizo zenye kazi. Waigbo, kabila la mzee, kama Achebe alivyoandika, wanasema methali ni mawese ambayo maneno huliwa nayo. Hiyo ukiisema Bukavu haihitaji maelezo, kila mtu anajua sombe, majani ya muhogo, bila mawese inavyokwama kooni. Lakini nyingi haziji rahisi hivyo. Mashariki kwao kuna viazi vikuu, huku tuna muhogo. Usiogope kubadilisha, mradi maana ibaki na uzito wa mzee ubaki. Usipopata inayolingana, sema maana wazi, uendelee. Ila usiokote methali kwenye zile picha zake zinazozunguka kwenye simu. Nyingi ni utani wa watu waliobandika maneno yao juu ya uso wake. Niliwahi kuitumia moja. Mama mmoja muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, akacheka hadi filamu ikapoteza heshima.

Kabla ya kuwasha, watu hupenda kuambiwa kidogo juu ya mtu wenyewe. Dakika mbili zatosha: redio, Okonkwo, nishani ya taifa ya MON aliyopewa mwaka 2003, mtoto wake Yul ambaye naye ni mwigizaji. Agosti 2009 alitekwa nyara, baadaye akaachiliwa. Hilo ukilitaja, litaje kwa sauti ya kawaida. Humu ndani kuna watu ambao ndugu zao wametekwa barabarani. Usilifanye kionjo cha filamu.

Jambo la mwisho ni mafuta. Filamu nyingi za Nigeria zina sehemu ya kwanza na ya pili, na ya kwanza hukatika Mwami akiwa amefungua mdomo. Jioni moja umeme ulikuwa umekwenda, jenereta ikaanza kukohoa katikati ya sehemu ya pili. Nikaogopa, nikaanza kumkimbiza mzee, sentensi tatu kwa pumzi moja, kama mtangazaji wa mpira. Papa mmoja aliyekaa nyuma, fimbo katikati ya magoti, akasema kwa sauti kuliko bafle: "We mutoto, huyo muzee anafukuzwa na nani?" Chumba kizima kikaangua kicheko, na jenereta ikazima palepale.

Tangu siku hiyo, sehemu ya kwanza ikiisha natumbukiza kijiti kwenye tangi. Kikitoka kimelowa chini ya vidole viwili, natuma kijana na kidumu, watu wanatoka kununua sambaza, na Mwami anangoja na mdomo wake wazi mpaka kidumu kirudi.