Namna ya kuingiza filimbi ya mwanzi ndani ya rumba, magitaa yasiimeze

Wandugu wa Bukavu wenye bendi, tuanze.

Hatua ya 1: Pasha filimbi. Asubuhi za huku zina baridi, na hewa ya ndani ikiwa baridi sauti inashuka. Tofauti ya nyuzi 10 za joto inasogeza noti karibu theluthi ya nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya vitufe viwili vya kinanda). Ipulize kwanza mpaka ipate joto, ndipo upime kwa programu ya simu, ile ya kupimia gitaa.

Hatua ya 2: Sawazisha. Ukiziba matundu yote na noti ikawa chini, punguza mwisho wa mwanzi, milimita moja moja, ukikata umekata. Noti nyingine ikiwa chini, panua tundu lake kwa msasa. Ikiwa juu, paka nta ya nyuki ukingoni mwa tundu. Lakini filimbi uliyorithi kwa mzee usiiguse! Magitaa ndiyo yaifuate, nyuzi zinakazwa na kulegezwa. Kwenye kinanda, kitufe cha kuhamisha toni kinaruka nusutoni nzima. Kwa kusogeza kidogo kuliko hapo, tafuta mpangilio unaoanzia 440, yaani hezi za noti ya la. Ukitaka kuchonga nyingine, nunua mwanzi kwa wakulima. Ule wa Kahuzi-Biega ni wa hifadhi, haukatwi.

Hatua ya 3: Chagua akordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Filimbi ya do, re, mi, sol, la inakaa vizuri juu ya akordi za do, fa na sol. Ila usiing'ang'anie do wakati besi iko kwenye sol, zitagombana.

Hatua ya 4: Mwendo. Wimbo wa asili ukitembea kwa tatu, usiubane uwe wa nne. Weka mapigo matatu ya filimbi ndani ya pigo moja la ngoma.

Hatua ya 5: Nafasi. Hapa ndipo bendi nyingi zinaharibu. Gitaa la solo na la mi-solo (lile la kati ya solo na la kusindikiza) yanajaza sauti za juu, mahali palepale pa filimbi. Kuifuatisha filimbi na solo noti kwa noti ni kuipoteza bure. Kwenye mashairi, mwimbaji akimaliza mstari, filimbi ijibu. Sebene (sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu) ikianza, mi-solo inyamaze mizunguko minne, filimbi iingie peke yake juu ya besi na ngoma, halafu mi-solo irudi polepole.

Hatua ya 6: Mikro. Isielekee mdomo, itashika upepo tu. Iweke juu kidogo, kama sentimita 30, ikitazama vidole. Mkiwa Kadutu, huku mjini Bukavu, rekodini kabla pikipiki hazijaamka.