Ushauri wanaopewa wageni wa biashara ya mtandao, na namna ya kuupima kabla hujatoa hela

Anayekufundisha biashara ya mtandao, yaani ile ya kuuza bidhaa za kampuni huku ukiingiza wanachama wengine chini yako, analipwa kutokana na unachonunua wewe. Shika hilo kwanza, kwa sababu linaeleza karibu kila ushauri wa ajabu utakaopewa wiki za mwanzo. Mwenye duka la kawaida akimfundisha vibaya muuzaji wake, bidhaa zinamdodea yeye mwenyewe. Huku ni kinyume: mauzo yanahesabiwa siku ulipolipia mzigo, kamisheni inapanda kwa waliokutangulia, na mzigo ukilala chini ya kitanda mwaka mzima, hasara ni yako peke yako. Anayekushauri anaweza kuwa mtu mwema kabisa, tena anayeamini anachosema, maana naye alifundishwa hivyohivyo. Wema wake haubadilishi hesabu.

Kwa hiyo kila ushauri upime kwa swali hili: nikiufuata leo, nani analipwa hata kama sijapata mteja hata mmoja?

Anza na karatasi, semina baadaye

Kabla ya kujaza fomu, omba vitu vitatu kwa maandishi: mpango wa malipo, taarifa ya mapato ya wanachama, na masharti ya kurudisha bidhaa. Ukijibiwa "kiongozi, hayo utayaelewa ukishaingia", usijaze.

Taarifa ya mapato ndiyo yenye mitego mingi. Tuseme kampuni ina wanachama 100. Mmoja anapata 5,000 kwa mwezi, tisa wanapata 200 kila mmoja, na 90 waliobaki hawapati kitu. Jumla ni 6,800, kwa hiyo wastani ni 68. Sasa kampuni iwaondoe 60 kwa kuwaita "wasio hai": wastani unaruka hadi 170, na hakuna mtu aliyeongezewa hata senti. Ndiyo maana wastani usiutazame. Mtafute mtu wa katikati, yaani ukiwapanga wote kuanzia wa chini hadi wa juu, yule wa 50 anapata ngapi? Hapa anapata sifuri. Kisha soma maandishi madogo yaliyo chini ya jedwali: nani wamehesabiwa, nani wameachwa, na kama gharama zimetolewa. Mara nyingi hazijatolewa.

Septemba 2024 wataalamu wa FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji, walitoa ripoti baada ya kupitia taarifa 70 za aina hii. Nyingi ziliwaacha nje wanachama wasiopata kitu au wanaopata kidogo. Hata hivyo, takwimu zilizokuwamo katika nyingi ya taarifa hizo zilionyesha kwamba wanachama wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka. Hiyo ni chini ya dola 84 kwa mwezi, kabla ya kutoa gharama.

"Leta watu sita tu, nao walete sita"

Ubao unachorwa, miduara inazaa miduara, na ukumbi unapiga makofi. Ukiendelea kuzidisha kwa sita, ngazi ya 13 inahitaji watu zaidi ya bilioni 13, idadi ambayo dunia haina. Hoja hiyo inajulikana, na mtoa semina ana jibu lake: "Watu wanazaliwa kila siku, soko halijai." Usibishane naye juu ya soko kujaa. Chukua mchoro wake mwenyewe ukauhesabu palepale uliposimama, kwa sababu kasoro iko kwenye umbo lenyewe.

Mtu mmoja juu, sita chini yake, kisha 36, 216 na 1,296. Jumla ni 1,555. Wale 1,296 wa mwisho hawana mtu chini yao, nao ni asilimia 83 ya wote. Wale 216 wa juu yao wana watu sita sita tu. Wenye timu inayozidi ngazi moja ni 43 kati ya 1,555. Ongeza ngazi nyingine au punguza moja, uwiano unabaki karibu uleule. Na hapo tumedhani kila mtu amefaulu kuleta sita. Mpango wa miguu miwili, ambamo kila mtu anajenga timu mbili, kushoto na kulia, una sura tofauti kidogo, lakini hata humo nusu ya watu wako mkiani, na usisahau kwamba malipo kwa kawaida hufuata mguu dhaifu, yaani upande wenye mauzo machache.

"Nunua kwenye duka lako mwenyewe"

Huu ndio ushauri unaokula hela nyingi zaidi, na unasikika wa busara. Sabuni unanunua, dawa ya meno unanunua, kwa nini usinunue kwako? Fungua daftari.

Tuseme ili ubaki hai, yaani uendelee kustahili kamisheni, unatakiwa kununua mzigo wa 100 kila mwezi, na nauli, bando na kiingilio cha mikutano vinafika 20. Unatoa 120. Kamisheni yako kwa manunuzi ya kila mtu uliyemwingiza ni asilimia 5, yaani 5 kwa kila anayenunua 100. Kama hujauza rejareja, unahitaji watu 24 walio hai ili urudishe 120 zako. Hapo hujapata faida, umerudi sifuri. Na ili kila mmoja wa hao 24 naye asile hasara, anahitaji 24 wake: watu 576. Mwambie aliyekuingiza akuonyeshe wako wapi.

"Lakini bidhaa umetumia mwenyewe!" Sawa, toa thamani yake kwenye gharama, ila kwa bei sahihi. Kama sabuni na dawa za kawaida zilikuwa zinakugharimu 30 kwa mwezi, umeokoa 30. Hukuokoa 100. Zile 70 ulilipia cheo.

Halafu kuna kuacha. Kama katika kila mwezi mtu mmoja kati ya kumi anaondoka, timu ya 24 inabaki na saba hivi baada ya mwaka. Kuishikilia ilipo kunadai watu wapya wawili au watatu kila mwezi, mwezi baada ya mwezi. Ile hadithi ya kipato kinachoingia umelala haigusi kabisa jambo hili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: tarehe, ulichotoa, ulichopokea kutoka kwa mteja asiye mwanachama, ulichopokea kama kamisheni, na saa ulizotumia. Weka na saa za simu na za kukaa ukumbini. Baada ya miezi mitatu gawanya kilichobaki kwa saa hizo.

"Umebakiza pointi 300 tu"

Simu hii huja siku mbili au tatu za mwisho wa mwezi, jioni, na sauti ni ya upole. Umekaribia kupanda ngazi. Pointi 300, ambazo unazipata kwa kununua mzigo, zinakutenga na cheo, na ukikikosa, "kazi yote ya mwezi inapotea".

Mpe jibu kesho asubuhi, ukishafanya hesabu. Tuseme pointi moja ni sawa na 1 ya fedha, timu yako imenunua 1,200, na kupanda ngazi kutakuongezea asilimia 8. Nyongeza ni 96. Unatoa 300 ili upate 96. Tofauti ya 204 itarudi ikiwa tu utaweza kuuza mzigo huo kwa watu wa nje, na kama wateja hao wangekuwepo, usingebakiza pointi 300. Tena cheo chenyewe kwenye mipango mingi hupimwa upya kila mwezi, kwa hiyo tarehe 28 ya mwezi ujao simu italia tena. Uliza jambo moja zaidi, kwa adabu: "Na wewe, hizi pointi zangu zinakufikisha wapi?" Mara nyingi anayepiga amebakiza zake pia.

Kwa sababu hiyohiyo usinunue kifurushi kikubwa cha kuanzia. Chukua kidogo kabisa kinachoruhusiwa. "Ukianza juu utapanda haraka" maana yake ni kwamba kamisheni ya aliyekuingiza inakuwa kubwa siku ya kwanza. Na usikope. Mkopo una tarehe ya kurejesha, lakini mzigo hauna tarehe ya kuuzika.

Orodha ya watu mia

Utaambiwa uandike majina 100: ndugu, majirani, mliosoma pamoja. Kisha: "Usiwaambie ni nini. Waambie kuna fursa, waje wasikie wenyewe." Sababu wanayotoa ni kwamba huna ujuzi wa kueleza. Sababu halisi ni kwamba mtu akijua mapema anaitiwa nini, wengi hawaji. Unachotumia hapo ni kuaminiwa kwako, mtaji ambao mafunzo yao yote hayauhesabu, na ambao ukishaisha hauagizwi upya kwenye kampuni.

Badala ya orodha hiyo fanya jaribio la wateja kumi. Tafuta watu kumi ambao hawakujui vizuri. Waonyeshe bidhaa, wape bei kamili ya rejareja, usitaje kujiunga wala pointi. Subiri siku 30 uone wangapi wamerudi kununua mara ya pili bila kubembelezwa. Wakirudi sita au saba, una bidhaa. Akirudi mmoja, ambaye ni shangazi yako aliyejipenyeza kwenye hesabu, bidhaa haiuziki kwa bei hiyo, na hakuna semina itakayoiuza. Usiongeze madai kwamba inatibu ugonjwa. Mtu akiacha dawa zake kwa maneno yako, kampuni itatoa waraka unaosema wanachama wamekatazwa kusema hivyo.

"Kampuni imesajiliwa, na kesi walishinda"

Usajili unaonyesha kwamba kampuni ina jina na anwani. Hauonyeshi kwamba mpango wake wa malipo ni halali. Kesi inayotajwa sana ni ya Amway, kampuni ya Marekani ya biashara hii, ambayo FTC iliamua mwaka 1979 kwamba si piramidi, yaani si mpango haramu unaolipa kwa kuingiza watu badala ya kuuza bidhaa. Kinachorukwa ni sababu: uamuzi ulitazama kanuni zilizokuwepo, zikiwemo kununua tena bidhaa zisizouzika, kutaka mwanachama auze walau asilimia 70 ya alichonunua, na kuonyesha mauzo kwa wateja kumi kila mwezi. Sasa uliza kwenye kampuni yako nani anahakiki kanuni za namna hiyo, na lini mara ya mwisho mtu alinyimwa bonasi kwa kukosa wateja.

Ukubwa na umri si kinga. Mwaka 2016 Herbalife, kampuni nyingine ya biashara hii, ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake wa malipo nchini Marekani ili uegemee mauzo halisi yanayothibitika. Mwaka 2019 AdvoCare, nayo ya biashara hiyohiyo na iliyokuwa sokoni tangu 1993, ilikubali kulipa dola milioni 150 na kuacha kabisa mfumo wa ngazi.

"Usiwasikilize wakatisha tamaa"

Hapa ushauri unajijengea ukuta. Ukiuliza hesabu, una mawazo hasi. Ukikosa wateja, hujajituma. Ukitaka kuacha, ulikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye dhahabu. Ushauri usioweza kukosea kwa hali yoyote haupimiki, basi upime muda badala yake. Siku ya kwanza andika tarehe na kiwango: "nikifika siku ya 90 nikiwa nimepoteza zaidi ya kiasi hiki, natoka." Mpe karatasi hiyo mtu asiye kwenye timu.

Angalia pia anayeuza tiketi, vitabu na rekodi za semina. Kwenye baadhi ya timu viongozi wa juu hupata sehemu ya mapato hayo, na hiyo haimo kwenye mpango wa malipo uliosoma.

Kutoka

Kwanza simamisha oda ya kila mwezi kwa maandishi, kisha zuia malipo hayo benki au kwenye laini ya simu, kwa sababu oda zinazojirudia huendelea kukata hata baada ya mtu kuacha. Pili, mzigo usiofunguliwa usiugawe wala usiuze kwa hasara kabla ya kusoma masharti ya kurudisha. Kampuni zilizo kwenye vyama vya uuzaji wa moja kwa moja kwa kawaida zinabanwa na kanuni ya kununua tena bidhaa zinazouzika, zilizonunuliwa ndani ya miezi 12, kwa si chini ya asilimia 90 ya bei uliyolipa. Piga picha kila boksi, tarehe ya kuisha muda ikionekana, ambatanisha risiti, tuma makao makuu ya kampuni moja kwa moja.

Usipitishe ombi hilo kwa aliyekuingiza. Bidhaa zikirudishwa, kamisheni aliyoipata juu yake kwa kawaida hukatwa, kwa hiyo atakuwa na sababu nzuri ya kukuomba usubiri mwezi mmoja zaidi, na miezi 12 inahesabika. Kundi la WhatsApp liwe la mwisho kuachwa: hifadhi kwanza jumbe za ahadi za mapato na maagizo ya kununua pointi, kwa sababu ukishatoka unaweza usizipate tena.