Mtoto anakuganda kutwa dei kea? Jinsi ya kumzoesha kucheza mwenyewe

Nalea watoto dei kea hapa Dar, nnao kumi na mbili wa miaka 2 mpaka 4, na wenzangu huwa wananiuliza huyu anayening'ang'ania gauni kutwa namfanyaje. Mi nafanya hivi.

Hatua ya 1: punguza vitu. Ukimwaga kapu zima mkekani anashika hiki anatupa anashika kile, mara kaja kwako analia. Naweka vitatu vinne tu, makopo ya plastiki, vifuu, mwiko, kipande cha khanga chakavu, vingine nafungia na Jumatatu nabadilisha, wanavipokea kama vipya vile. Vizibo vya soda usiwape wa chini ya miaka 3, wanakabwa, hapo sina mjadala.

Hatua ya 2: awe ameshiba, amekojoa, hana usingizi. Kwangu ni saa nne, baada ya uji.

Hatua ya 3, hapa ndo penye kazi sasa. Kaa naye chini muanze wote, unajaza mchanga kwenye kopo anamwaga, unajaza anamwaga, akishanogewa funga mdomo. Usimuulize hii rangi gani, na usimsifie kila dakika, maana ukimsifia anageuka kukuangalia na mchezo umekufa. Kesho yake sogea nyuma kidogo, kunja nguo zao, keshokutwa hamia kwenye kigoda palepale chumbani, macho yako kwake muda wote (mnaoshika simu hapa nawajua!). Ukitaka kutoka usinyemelee, hakikisha mwenzako yupo, mwambie dada anaenda kuchukua maji anarudi, na urudi kweli, ukimtoroka mara moja tu wiki nzima hakuachii. Wa miaka 2 akicheza dakika tano peke yake mshukuru Mungu.

Hatua ya 4: akikwama usimkimbilie. Nilikuwa na kabinti kopo likianguka tu kanalia mpaka niokote, siku moja mikono imejaa unga nikashindwa kuinuka, kakaniangalia weee, kakaliokota kenyewe kakaendelea kuwapikia vifuu vyake ubwabwa.

Mzazi akija jioni akaanza "mbona anacheza tu hamumfundishi", mi huwa namwambia asimuite kwanza, asimame hapo mlangoni amtazame dakika mbili.