Imla ya kujenga upya aya, kidato cha kwanza

Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili akiingia sekondari hukutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Mwalimu, ili kumsaidia, chukua aya ya maneno 60 hivi kutoka kitabu chake, yenye maneno mapya yasiyozidi matano. Yafafanue ubaoni kwanza. Isome aya mara moja, wanafunzi wakisikiliza, kalamu chini. Mara ya pili waandike maneno makuu tu. Kisha watatu watatu waijenge upya; wakibishana kwa Kiswahili, waache, hapo ndipo maana inapopatikana. Kinachoharibu zoezi ni kusoma neno moja moja: darasa linafuata sauti, linaacha maana. Soma kwa mwendo wa kawaida, na wakikwama rudia aya nzima. Sahihisha kosa moja tu la sarufi, kwa mfano ile “s” inayosahaulika katika “the leaf makes food”.