Mazoezi ya bendi za mpira kwa wadada wanaoanza: mgongo, mabega, mikono na tumbo

Wadada wengi wakisikia mazoezi ya nyumbani wanawaza skwati na kuruka kamba, yani mapaja na makalio tu, huku juu kunasahaulika kabisa. Na ukiangalia kazi zetu za kila siku nyingi ni za huku juu: ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20 hizo, mtoto mgongoni, kufua kwa mkono, kusonga ugali wa watu saba, wengine wanashinda wameinamia laptopu au cherehani. Mabega yanavutika mbele, shingo inauma, kiuno ndo usiseme. Hapo bendi za mpira, zile resistansi bendi, zinasaidia sana, na hazitaki jimu wala nafasi kubwa, mkeka mmoja sebuleni unatosha.

Kabla ya yote shika hili moja maana ndo moyo wa mazoezi haya. Mpira una safari mbili, kuvuta na kurudisha, na watu wengi wanafanya ya kwanza tu, wanavuta kwa nguvu zote afu wanauachia urudi wenyewe. Nusu ya zoezi inakuwa imepotea hapo! Vuta kwa hesabu ya mbili, rudisha kwa hesabu ya tatu, polepole, ukiwa bado umeushikilia. Wewe ndo unaurudisha mpira, sio mpira ukurudishe wewe. Ukifanya hivi hata bendi nyepesi kabisa utaisikia kwenye misuli.

Tuje kwenye kununua. Pale Kariakoo na kwenye maduka ya vifaa vya michezo utakuta aina kama tatu. Kuna zile fupi za duara, urefu kama sentimita 30, ndo wengi tunaanza nazo kwa sababu zinauzwa kama za hipsi, lakini kwa mgongo na mikono zinabana mno, hazifiki mbali. Wewe chukua ndefu ya bapa, kama mita moja na nusu hivi, au ile ya bomba yenye vishikio. Kama unanunua moja tu mimi nasema chukua ya bapa, maana unaweza kuizungusha mkononi kuifupisha, kuifunga fundo, kuikalia, kila kitu. Rangi zinaonyesha ugumu ila kila kampuni na mpangilio wake, kwahiyo usiamini rangi kwa macho tu, ivute palepale dukani. Kwa Thera-Band mfano njano ni nyepesi, inafuata nyekundu, kijani, bluu, nyeusi. Ile nyekundu ukiivuta mpaka ifike mara mbili ya urefu wake inakupa uzito wa kama kilo 1.7, ukizidi kuvuta na uzito unazidi kupanda. Ndo maana mwisho wa mvuto ni mgumu kuliko mwanzo, na ndo maana ukisogeza mikono karibu kidogo kwenye bendi ileile tayari umeongeza ugumu bila kununua nyingine.

Na kama hela ya bendi haipo kwa sasa, tyubu ya zamani ya baiskeli inafanya kazi. Ioshe, ikate sehemu ya vali uitoe, uwe na mpira mmoja mrefu. Ni ngumu kidogo kwa mazoezi ya mabega ila kwa kuvuta mgongo iko vizuri.

Usalama usiuruke jamani. Kila siku kabla ya kuanza pitisha vidole kwenye bendi yote ukitafuta nyufa au kidonda, ukikuta itupe, usionee huruma, maana ikikatika inarudi usoni. Usivute kuelekea machoni. Usiianike juani na usiishike na mikono yenye mafuta ya nazi, mpira unaoza haraka. Zingine zimetengenezwa kwa lateksi, sasa kama mwili wako unawashwa na glovu za hospitali tafuta zisizo na lateksi. Mahali pa kufungia, nyumba zetu nyingi zina nondo za dirisha, ni nzuri sana, ila hakikisha hazina kutu wala makali, zungushia kanga kwanza ndo upitishe bendi. Mlango nao unafaa: funga fundo nene kwenye bendi, fundo libaki upande wa pili, funga mlango kwa ufunguo, na usimame upande ambao ukivuta unazidi kuufunga mlango, sio kuufungua. Na waambie watoto.

Haya tuanze. Pasha mwili dakika 5, tembea palepale, zungusha mabega nyuma, zungusha mikono, inua magoti. Kisha mgongo, na hapa nakaa kidogo kwa sababu kwa mwanamke anayeanza, kuvuta ni muhimu kuliko kusukuma. Kaa kwenye mkeka miguu mbele, magoti yamekunjwa kidogo, pitisha bendi kwenye nyayo, kama mgongo unakataa kunyooka kalia mto. Shika ncha mbili, shusha mabega yawe mbali na masikio, halafu vuta viwiko nyuma vikipita kwenye mbavu. Usifikirie mikono, fikiria viwiko, na mwishoni yale makombe ya mabega kule mgongoni yakaribiane, shikilia sekunde moja, rudisha kwa hesabu ya tatu. Mwili usiyumbe mbele na nyuma, ukiona unayumba bendi ni ngumu mno kwako leo, shika karibu zaidi na ncha ili iwe ndefu, au chukua nyepesi. Fanya mara 10.

Baada ya hapo simama, shika bendi mbele ya kifua mikono imenyooka, viganja vikitazama juu, vuta upande na upande mpaka mpira uguse kifua. Hili linaonekana dogo lakini mtu anayeshinda kwenye kompyuta atalipenda, linafungua kifua na kuamsha misuli ya nyuma ya bega ambayo kazi zetu haziigusi kabisa. Mara 10 hadi 12, bendi nyepesi.

Kifua: pitisha bendi nyuma ya mgongo, chini ya makwapa, shika ncha, sukuma mbele mpaka mikono inyooke, rudi polepole. Ni kama pushapu ya kusimama, na wale ambao pushapu ya chini bado inawashinda hapa ndo pa kujengea. Vaa kitu kinachofunika mgongo, mpira ukisugua ngozi tupu unachubua.

Mabega fanya ukiwa umepiga goti moja. Kanyagia bendi kwa goti la chini, mkono wa upande huohuo uwe usawa wa bega, sukuma juu. Kupiga goti kunazuia ule ujanja wa kukunja kiuno nyuma ili mkono upande, maana wengi wakisukuma juu wamesimama tumbo linatoka mbele na kiuno kinaumia. Mara 8 kila upande inatosha. Mikono yenyewe sina mengi, kanyaga bendi ukunje viwiko mara 10, kisha kwa nyuma ya mkono shika bendi kifuani kwa mkono mmoja na mwingine uunyooshe kushuka chini, mara 10. Mgongo na kifua tayari vimeshaifanyisha kazi mikono, usimalize nguvu hapa.

Sasa tumbo. Mtu akisema tumbo wengi wanajua kulala chali na kujikunja, mara mia. Kazi kubwa ya misuli ya tumbo na kiuno ni kuzuia mwili usipinde na usizunguke hovyo, pale unapobeba ndoo upande mmoja kinachokushikilia ni hiyo. Kwahiyo tunaifundisha kuzuia. Funga bendi dirishani usawa wa kifua, simama ubavu ukiielekea, shika kwa mikono miwili kifuani, sogea mpaka uhisi inakuvuta. Sasa sukuma mikono mbele inyooke, shikilia sekunde 3, rudisha kifuani. Bendi itataka kukugeuza upande wake, wewe usigeuke, makalio yamebana, magoti yamelegea kidogo. Mara 8 kila upande. Zoezi hili linaitwa Pallof, jina la mtaalamu wa fiziotherapi wa Marekani, na ni moja ya mazoezi salama zaidi ya kiuno ninayoyajua kwa anayeanza.

La pili lala chali, bendi imefungwa chini kabisa nyuma ya kichwa chako, kwenye mguu wa kitanda kizito mfano. Shika bendi, mikono imenyooka juu ya kifua, magoti yako juu yamekunjwa. Toa pumzi taratibu huku ukinyoosha mguu mmoja karibu na sakafu, urudishe, mwingine. Kiuno kibaki kimegusa mkeka muda wote, kikinyanyuka usishushe mguu mbali hivyo. Mara 6 kila mguu. Malizia na planki ya magoti, yani unalala kifudifudi unajiinua kwa viwiko na magoti mwili ukiwa umenyooka, sekunde 15 hadi 20, ukipumua, usizuie pumzi.

Pumzi kote ni hivi: toa pumzi wakati wa nguvu, vuta wakati wa kurudisha. Kwa akina mama hili sio dogo. Ukibana pumzi presha yote ya tumbo inashuka kwenye misuli ya chini ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, na wengi waliojifungua mkojo unawatoka kidogo wakifanya mazoezi wanaona aibu wanaacha kimyakimya. Mama, usiache na usinyamaze, ni kitu kinachowapata wengi na kina matibabu, muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapi. Vilevile ukiwa umelala chali ukanyanyua kichwa ukaona katikati ya tumbo panatuna kama mgongo wa samaki, misuli ya tumbo imeachana baada ya ujauzito, acha planki na kujikunja kwanza, endelea na ya kuvuta na ile Pallof ya kusimama huku ukitafuta ushauri. Aliyejifungua karibuni, hasa kwa operesheni, asubiri ruhusa ya hospitali. Mjamzito naye aulize kliniki kwanza, na kuanzia katikati ya ujauzito asikae chali muda mrefu.

Ratiba: seti moja ya yote, yani kila zoezi unalifanya mzunguko mmoja tu wa zile hesabu zake, wiki mbili za kwanza, kisha seti mbili, pumzika dakika moja kati ya zoezi na zoezi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema watu wazima wafanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki, kwahiyo chagua Jumanne na Ijumaa au siku zozote ambazo nyumba inakuachia nusu saa, ukiweza tatu ni bora, ila usifuatanishe. Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, ganzi mkononi, kizunguzungu, hapo simama.

Kuna wanaoogopa kuwa na mikono ya kiume. Homoni ya testosteroni mwanamke anayo kidogo sana ukilinganisha na mwanaume, bendi hizi hazitakufanya hivyo, zitakukaza. Na upande wa pili nisikudanganye, mazoezi ya tumbo hayachomi mafuta ya tumbo peke yake, mwili unatoa mafuta unapotaka wenyewe. Utakachoona mapema ni nguvu, maana wiki za mwanzo mishipa ya fahamu inajifunza kuitumia misuli uliyonayo, umbo linafuata baadae.

Ukifika mara 15 kwa zoezi, seti mbili, na zile mara mbili za mwisho hazikusumbui tena, fupisha bendi kidogo au panda rangi inayofuata, ushuke tena mpaka mara 8. Usipandishe mazoezi yote kwa siku moja, mgongo utapanda haraka, mabega yatachelewa, yaache yachelewe. Ile bendi nyepesi usiigawe, utaipashia mwili na utaendelea kuitumia kwenye lile zoezi la kuvuta upande na upande.